Mchonga mawe wa Tabaka alipofika Lamu

Sisi watu wa milimani tumezoea kuihesabu bahari kuwa mali ya wengine. Mwulize mkazi wa Kisii au Nyamira atakakopitishia likizo ya Desemba, atakujibu kwamba atakwenda nyumbani. Na ikiwa nyumbani ndiko anakoishi, basi atakaa papo hapo achume majani chai na kusubiri wageni wa kutoka Nairobi. Mwenye nafasi kidogo atashuka Kisumu, ale samaki kando ya ziwa, apigwe picha, na jioni awe amerudi. Mombasa huijua wale waliopelekwa na shule au na kazi. Ama Lamu, wengi wetu huisikia redioni tu, na aghalabu habari yenyewe si njema.

Mimi pia ningekuwa mmoja wao lau si mzee wangu. Na hapa inanibidi kueleza neno moja kabla ya kuendelea. Kwetu baba mzazi huitwa tata, na neno hilo "baba" katika Ekegusii maana yake ni mama. Nitamwita tata katika makala haya, ili watu wa nyumbani wasidhani kwamba ninamzungumzia marehemu mama.

Tata ni mchonga mawe wa Tabaka. Aliianza kazi hiyo angali kijana, na mwaka wa 2024 alipotimiza miaka 74 alikuwa bado akiketi chini ya mparachichi wake kila asubuhi na panga, patasi na kipande cha jiwe. Msomaji ambaye hajafika Tabaka huenda analijua jiwe letu pasipo kujua linakotoka. Ni lile jiwe laini, jeupe au la waridi au la kijivu, ambalo hutengenezewa sahani, viboko, vipande vya mchezo wa chesi na zile sanamu za jamaa waliokumbatiana. Huchimbwa kwa jembe na mtaimbo, hulowekwa maji, huchongwa, kisha akina mama hulisugua kwa msasa ndani ya karai la maji na kulipaka nta mpaka ling'are. Mama ndiye aliyezisugua kazi za tata kwa miaka yote waliyoishi pamoja, na vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga kwa sababu hiyo.

Miongoni mwa vitu alivyochonga sana tata ni samaki na majahazi. Wanunuzi waliotoka Mombasa waliyapenda majahazi. Kwa zaidi ya miaka 40 alichonga tanga na mlingoti na omo akitazama picha ya kalenda iliyotundikwa jikoni, wala hajawahi kuiona bahari. Na sasa macho yenyewe yalikuwa yanamwaga mkono. Daktari alituambia kwamba ana presha ya macho. Dawa ya matone ingeweza kuizuia isizidi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa linatambua mwanga tu. La kushoto lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Ilisadifu wakati huo mpwa wangu anayefanya kazi Italia akatutumia picha za Lido. Hiki ni kisiwa chembamba, chenye urefu wa kilomita 11 hivi, kinachoyakinga na mawimbi maji matulivu yanayouzunguka mji wa Venice. Upande mmoja ni mchanga na waogeleaji, upande wa pili ni mji wa kale uliosimama majini. Ipo hoteli moja mashuhuri kisiwani humo, Excelsior, iliyofunguliwa mwaka wa 1908, ambayo matao yake yalijengwa kwa kuiga mtindo wa Kiarabu. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, aliisogeza simu karibu na jicho la kushoto la babu yake na kumweleza yote hayo. Tata alitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Hapa Kenya hakuna mji wa namna hii?"

Nikamwambia upo, nao ni Lamu.

"Basi nipelekeni," akasema, "kabla hakujawa usiku."

Kikao cha familia kilichofuata hakikuwa chepesi. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameanza kujenga nyumba ya mawe, nayo ilikuwa imesimama bila paa. Alisema nauli ya watu watatu mpaka Lamu ingetosha mabati ya upande mmoja. "Bahari ni maji," alisema, "na maji si kitu tunachokosa hapa." Mdogo wake alikuja na hoja nzito zaidi. Alitaja shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa. Hoja hiyo sikuidharau, wala wewe msomaji usiidharau. Mpeketoni iko bara, katika kaunti hiyo hiyo ya Lamu, na misitu ya upande ule imeleta matatizo mara kwa mara tangu hapo. Nilimpigia simu mwalimu mmoja niliyesoma naye chuoni, ambaye alifundisha Lamu kwa miaka kadhaa. Akaniambia kisiwani watu wanalala milango wazi. La kuulizia ni barabara, na niulize siku ile ile ya safari, si wiki iliyotangulia.

Tata alisikiliza yote akiwa ameinama. Mwishowe akasema mabati yatakuwepo hata akiwa kipofu. Hakuna aliyepata la kumjibu.

Safari nitaipitia haraka kwa kuwa haina raha ya kusimulia. Kutoka Kisii hadi kisiwani ni zaidi ya kilomita 1,000. Tulilala Nairobi kwa jamaa, tukapanda gari la moshi la reli ya kisasa hadi Mombasa, tukalala tena, kisha alfajiri tukashika basi la Lamu kupitia Malindi, Garsen na Witu. Baada ya Garsen tulisimamishwa vizuizini mara kadhaa, kila abiria atoe kitambulisho. Kijana wangu alionyesha kitambulisho cha shule na mwanafunzi mwenzake wa viti vya nyuma akafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo enyi wanafunzi, msikiache nyumbani. Basi huishia Mokowe, kwenye gati, na kuanzia hapo ni boti.

Ndani ya boti tata aliteremsha mkono majini, akaulamba. Akatema. Akaulamba tena. Mjukuu wake alicheka mpaka nahodha akageuka. "Babu yangu amesikia miaka yote kwamba ni chumvi," kijana akamwambia nahodha, "leo anahakikisha." Nahodha alipunguza mwendo, akamwambia tata, "Hakikisha, mzee wangu, usiogope, hayaishi."

Mji wa Lamu huuoni wote kwa mara moja. Unaona kwanza ukuta wa nyumba nyeupe na za kijivu zilizojipanga ukingoni mwa maji, majahazi yamefungwa mbele yake, punda wamebeba mawe na mchanga, kisha ukiingia nyuma ya ukuta huo unameza mate: vichochoro vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hulazimika kupishana kwa zamu. Shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, likiutaja kuwa mji wa Waswahili wa kale zaidi na uliohifadhika vyema kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Venice na maji yake iliingia katika orodha hiyo mwaka wa 1987. Tofauti ni kwamba Venice imefurika watalii kuliko wenyeji, ilhali Lamu watu bado wanaishi majumbani mwa mababu zao, wanaanika nguo na kugombeza watoto.

Kwa vile tata anaona kama mtu aliye ndani ya bomba, vichochoro vile vilimfaa kuliko uwanja. Alitembea mkono mmoja ukutani. Kila baada ya hatua kumi alisimama kupapasa. Wenyeji walidhani amechoka, wakamkaribisha kwenye baraza zao, yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba mbele ya mlango. "Karibu, baba," walimwambia, na kila mara mjukuu wake alijiziba mdomo kwa kicheko kwa kuwa babu yake anaitwa mama mji mzima.

Tulikwenda kwanza kwenye nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, nyumba ya karne ya 18. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba safari hii ilikuwa ya fundi, si ya mtalii. Mwongozaji wetu, kijana mwenye Kiswahili cha kutamanika, alitueleza mpangilio wa nyumba ya Kiamu tangu mlangoni: daka, ambacho ni kivuli cha mlango, tekani, chumba cha kuingilia, ambacho kimepindishwa ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi, kisha kiwanda, ambacho si mahali pa mashine kama tunavyodhani bara, bali ua wa katikati ulio wazi juu. Kutoka hapo unaingia msana wa tini, halafu msana wa yuu, halafu ndani kabisa, kwenye chumba kinachoitwa "ndani". Kila chumba sakafu yake imeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia katika siri ya wenye nyumba.

Tata aliuliza mbona vyumba ni virefu na vyembamba kama treni. Mwongozaji akamwonyesha dari. Dari za Lamu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi pasipo kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba cha Mswahili uliamuliwa na mti wa majini. Urefu, hakuna aliyeuamua. Uliongezwa kadiri ya uwezo wa mtu. Jambo hilo lilimfurahisha tata kupita kiasi. Aliniambia kwa Ekegusii kwamba nyumba isiyoshauriana na mti wake huanguka.

Kisha tukafika kwenye ukuta wa zidaka. Msomaji ambaye hajaviona zidaka afikirie rafu zilizochimbwa ukutani, safu juu ya safu, kila kijumba na tao lake, kuta zao zimejaa nakshi za maua na mafundo yaliyokatwa kwenye lipu ya chokaa. Ndani ya vijumba hivyo waliweka sahani za kaure kutoka Uchina, vitabu, vyetezo. Ni kazi nyeupe juu ya weupe. Bila mwanga wa kiwanda usingeiona. Na tata hakuiona. Alisimama mbele yake akiwa amekunja uso, jicho la kushoto likitangatanga.

Kwa kawaida wageni hawaruhusiwi kugusa. Nilimnong'oneza mwongozaji kwamba mzee ni mchonga mawe na kwamba macho yake yanakwisha. Kijana yule alimtazama tata, halafu akasema amesahau kitu kiwandani, akatoka.

Tata alikaa kwenye ukuta ule kama nusu saa. Alianza chini kushoto, akapanda kwa vidole vinne, kidole gumba kikiwa juu kama kipimo. Wakati mwingine aliguna. Mara moja alisema, "Hapa aliingiliwa na mtu," akarudia nakshi ile mara mbili, "mkono si ule ule." Mwishowe akauliza swali ambalo tangu siku hiyo halijanitoka. "Huyu aliyechonga hapa, alimwuzia nani?"

Nikamwambia hakumwuzia mtu, ni ukuta wa nyumba.

"Yaani ni ya mke wake?"

Mwongozaji, aliyekuwa amerudi kimya kimya, alieleza kwamba nyumba kama hii baba aliijengea binti yake, na kwamba bibi harusi alionyeshwa humo kwa jamaa. Kazi bora kabisa ya nyumba iliwekwa chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki. Tata alikaa chini kwenye sakafu. Amechonga maelfu ya vitu, naye mwenyewe amesema hivyo mara nyingi kwa majivuno, lakini katika nyumba yetu ya Tabaka hakuna hata kipande kimoja cha jiwe lililochongwa, isipokuwa samaki mmoja aliyevunjika mkia ambaye mama alimtumia kuzuia mlango. Vyote vilifungwa kwa majani ya migomba makavu, vikatiwa maguniani, vikapakiwa lori. Hata mimi mwanawe sikuwahi kulifikiria jambo hilo kuwa ni ajabu.

Jioni hiyo hakutaka kula. Alipoletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka aliuliza kama wana ugali na chinsaga. (Hawakuwa na chinsaga. Mboga hiyo chungu ingewapatia soko.)

Siku ya pili tulikutana na fundi wa chokaa akirekebisha ukuta wa nyumba moja nyuma ya ngome, na hapo mzee wangu alipona ububu. Mafundi wawili hawahitaji kujulishana. Yule wa Lamu alimweleza kwamba ukuta wa Kiamu ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikomae. Nakshi hukatwa lipu ikiwa haijakauka sawasawa. Alisema pia kwamba lipo tumbawe jingine la baharini, laini, ambalo mafundi wa zamani walilichonga likiwa bichi, na likikaa hewani hugeuka gumu. Tata aliruka. "Kama letu!" akasema, "letu nalo ukilichimba leo ni siagi, ukiliacha juani linakugomea."

Akamwuliza mbona hatumii saruji, maana ni rahisi. Fundi akaonyesha nyumba ya jirani iliyopakwa saruji, lipu ikiwa imevimba na kubanduka. Ukuta wa matumbawe hupumua, alieleza. Hunywa unyevu wa bahari na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi huula ukuta ukisimama. Hata hivyo saruji inaendelea kupakwa, kwa sababu gunia lake linapatikana dukani leo na chokaa inataka subira. Vijana wa kujifunza kazi hii ni wachache, alisema, na wengi huiacha wakishapata pikipiki. Tata alitikisa kichwa. Tabaka ni hivyo hivyo.

Ngome yenyewe tuliizunguka tu. Ilianza kujengwa karibu na mwaka wa 1813 na kukamilika 1821. Baadaye ikawa jela, tangu mwaka wa 1910 hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa. Kijana wangu alitaka kujua wafungwa walilala wapi. Mimi nilitaka kivuli. Makumbusho ya Lamu, yaliyo mbele ukingoni mwa maji, usiyakose: mna siwa ya pembe ya ndovu kutoka Pate, baragumu kubwa la kifalme, ambayo peke yake inatosha kumtoa mtu Nairobi.

Shela iko umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mjini. Tulikwenda kwa boti asubuhi, na tata akaona jambo ambalo kalenda ya jikoni haikumweleza. Tulipofika maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na kuta. Baada ya chai na mahamri alirudi ukingoni, akakuta mchanga mtupu, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Alirudi mbio kwetu, kadiri mzee wa miaka 74 awezavyo kukimbia, akauliza nani ameyafungulia maji. Mto Gucha hujaa na kupungua, lakini huenda upande mmoja tu siku zote. Maji yanayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku aliyaona ni kama mtu asiyejua anataka nini.

Hayo maji kupwa ndiyo yaliyoandika historia ya Lamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate liliteremka hapa Shela kuja kuuteka mji. Watu wa Lamu waliwapiga, na walipokimbilia vyombo vyao walikuta vimekwama mchangani, maji yamepwa. Wengi waliuawa pale pale. Kwa kuhofia kisasi, Lamu ilimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, naye akaleta liwali na askari. Na kwa mlango huo Oman ikapata mguu uliokuja kuikanyaga pwani nzima. Nilimsimulia kijana wangu habari hizo tukiwa tumesimama pale pale. Alitazama mashua zilizolala, akasema kwamba kitabu chake cha historia hakitaji kupwa hata mara moja. Nadhani ana haki ya kulalamika.

Msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka wa 1829, una mnara uliochongoka ambao hauna mwenzake mjini. Tuliuona kwa nje. Kutoka hapo ufuo unaanza: kilomita 12 hivi za mchanga, nyuma yake vilima vya mchanga, mbele bahari kuu. Watalii walikuwa wachache, na kipande kikubwa kilikuwa chetu peke yetu. Kijana aliingia majini na kanzu ya kuazima. Mimi nilitia miguu. Tata aliketi mchangani, akavua kofia, akatazama. Sijui aliona kiasi gani. Aliniambia hakuhitaji kuona yote, kwa sababu yalikuwa yale yale kila mahali, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kuharibika alikuwa ametazama kitu ambacho hakihitaji kugeuza shingo. Halafu akaanza kunilalamikia juu ya majahazi yake. Tanga alikuwa akilichonga kama limetundikwa. Kumbe tanga la kweli limeshiba upepo, lina tumbo. Miaka 40 ameuza matanga yenye njaa.

Vilima vile vya mchanga si pambo. Mvua inayonyesha hapo hunywewa na mchanga na kutulia chini juu ya maji ya chumvi, na hayo ndiyo maji matamu ya visima vinavyonywesha mji wa Lamu. Mtu akijenga juu ya vilima au akizoa mchanga ovyo, mji mzima utakunywa chumvi. Wenyeji wamepigania vilima hivyo kwa miaka mingi, na ukiwaona wakali kwa mambo ya ardhi ya Shela ujue sababu.

Mambo ya mvua yalitufuata hadi Takwa. Hayo ni magofu yaliyo kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa. Huendi huko ila maji yakiwa yamejaa, kwa maana mkondo hupita katikati ya mikoko. Kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi lenye nguzo, na mibuyu. Watu wa Shela husema wao asili yao ni Takwa, na hurudi kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Tata alisikia neno hilo akasimama. Yeye hutoka mahali ambapo Desemba nguo hazikauki, ambapo mvua ikikosa wiki mbili watu hupiga simu kuulizana kuna nini. Alivua kofia mbele ya kaburi lile, akasema kwa sauti, "Tungewaletea." Boti ilipokuwa ikirudi nahodha alituonyesha kwa mbali Maweni, machimbo yanakokatwa mawe ya kujengea Lamu, akasema wengi wa wakata mawe ni watu wa bara, wamo hata wa kutoka pande za Nyanza. Tata alitaka tuteremke. Maji yalikuwa yanapwa, haikuwezekana.

Siku ya mwisho, katika duka moja la vinyago, alikuta kiboko wa jiwe la Tabaka. Alimgeuza, akapitisha kidole chini ya tumbo, akataja ukoo wa aliyemchonga. Mwenye duka alikuwa ametuambia kwamba kinyago hicho kimetoka Nairobi. Tata hakubishana. Alimrudisha kiboko rafuni, uso wake ukiangalia mlango.

Sitataja nauli wala bei za malazi, maana hubadilika kabla wino haujakauka. Nitasema tu kwamba nyumba za kulala wageni za ndani ya mji ni nafuu kuliko za ukingoni, na feni hutosha wakati wa kaskazi. Akina dada, chukueni leso ya ziada na mavazi ya heshima. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na kama unaye mzee, mpangie safari ya asubuhi na alasiri, mchana alale. Punda hawapishi mtu. Wewe ndiwe unayewapisha.

Tulirudi Tabaka siku mbili kabla ya mwaka mpya. Katikati ya Januari kaka yangu alinipigia simu kwa hasira. Tata alikuwa amekwenda kwenye nyumba yake isiyo na paa, akamwamuru mwashi avunje ukuta wa sebule, ule unaotazamana na mlango, atoboe matundu sita. Kaka aliuliza matundu ya nini. Tata alimwambia ni ya mke wako. Tangu hapo amekuwa akichonga fremu za jiwe la waridi kwa ajili ya matundu hayo, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na siku za likizo mwanangu humpigia mistari iliyonyooka, kwa kuwa mistari mirefu ndiyo inayomponyoka. Shemeji yangu amekwisha kununua vikombe. Mpaka ninapoandika haya matundu mawili yamekamilika, mabati yamepanda, na manne yaliyobaki yamezibwa kwa magunia ya saruji ili kuku wasilale humo.